Injini Inagonga

Jirani yangu aliyehamia hapa na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa ni mtu asiye na konakona. Alifika nikiwa nasaga, na gunia la mahindi begani, akalitua, akaniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akasema, "Mzee, injini yako inagonga. Ng'ombe wangu siku hizi wanakataa kabisa kupita hapa."

Nilicheka kwa dharau. Nani huyo wa kunieleza habari za injini yangu? Ni dizeli ya silinda moja, umri wake unakaribiana na wa ndoa yangu, na ndiyo inayozungusha mashine ya kusaga. Nimeilea mwenyewe hapa shambani, pembeni mwa kijiji cha Mollo, kwenye upepo huu unaong'oa mabati kila mwaka. Plau nimeliunga mara nyingi mpaka chuma chake cha kiwandani kimebaki kidogo. Tela la ng'ombe linasimama kwa waya na ubishi wangu. Lakini injini ndiyo inayotulisha mimi na mke wangu, na injini kuukuu haitunzwi kwa vipimo, inatunzwa kwa sikio. Tena msimu ule nilikuwa najigamba kwa kila mteja kwamba imetulia, imezeeka na adabu kuliko mimi.

"Mbona imekuwa kimya siku hizi," nikamwambia.

Hakubishana. Alinishika mkono, jambo ambalo mtu wa huku hawezi kumfanyia mzee, akakilaza kiganja changu juu ya injini.

Mungu wangu! Chuma kilikuwa kinapiga chuma humo ndani kwa nguvu, kama mtu aliyefungiwa chumbani anayegonga mlango. Kipigo kilipanda mpaka kwenye kiwiko. Masikioni mwangu, hakuna kitu, ni ule mvumo laini niliokuwa nikiusifu. Nikaondoa mkono, kugonga kukaisha. Nikaurudisha, kukarudi.

Nilizima injini, nikamgeukia mke wangu aliyekuwa mlangoni mwa banda la mashine na ungo wake.

"Ulikuwa unasikia?"

Aliangalia chini. "Nilikuwa nasikia, mzee wangu. Tangu tuanze kuvuna."

"Na watu?"

"Wote wanasikia."

Wote! Nikawatazama akina mama waliokuja kusaga. Walikuwa wamekaa mbali kule juani na ndoo zao, kama walivyokuwa wakikaa wiki zote zile, na mimi nikidhani wanaota jua kwa sababu ya baridi. Kumbe walikuwa wanaikimbia mashine yangu. Na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu kwetu humwambii mzee fundi kwamba mashine yake inagonga. Kila mmoja alidhani nimesikia na nasubiri kipuri. Kuniambia kungekuwa kunitukana.

"Hao ni wateja," nikamfokea mke wangu. "Wewe je?"

"Binti yako alisema nini Krismasi?" akajibu, na yeye sauti imempanda. "Si alisema siku mashine itakapokushinda tunafunga nyumba, tunahamia kwake mjini? Ningekwambia inagonga ungeniuliza kwa nini wewe husikii. Ningejibu nini? Mimi sitaki kufia chumba cha uani."

Hasira yote iliniishia pale pale. Mwanamke huyu alikuwa anajua masikio yangu yamekufa, na amekuwa akinificha mimi mwenyewe habari zangu.

Nilifungua injini. Oili ilijaa chenga za chuma zinazometameta. Beringi ilikuwa imelika mpaka imekuwa nyembamba kama ukucha. Siku chache zaidi, kile chuma kinachosukuma pistoni kingekatika na kutoboa ubavu wa injini, upande ule ule akina mama wanakoinamia kukinga unga. Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa karibu kuua watu huku nikijisifu.

Jirani ndiye aliyepanda pikipiki kwenda mjini kutafuta beringi. Nikaifunga, nikaikaza, na jua lilipokuwa linashuka nikawasha injini.

"Sasa?" nikamuuliza mke wangu.

Aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu. "Imetulia."

Ilibidi nimwamini. Niliweka kiganja, nikaona kweli kipigo hakipo, lakini maisha yangu yote sijawahi kuhitaji mtu wa kunithibitishia jambo kama hilo, na liliniuma. Tulizima, tukakaa nje kwenye benchi. Tukakubaliana kwamba kuanzia sasa yeye atasikiliza na mimi nitafungua, na binti tutamwambia ukweli mavuno yakiisha. Kama baada ya hapo tutahama au tutabaki, hatukusema.

Kisha nikauliza swali ambalo ningeweza kuliacha. "Kuna kitu kingine nisichosikia?"

Alijifuta unga mikononi.

"Kengele," akasema.

"Kengele gani? Ya kanisani? Si walishaacha kuipiga?"

Nilikuwa na uhakika. Ni mwaka wa pili sasa nawalaumu vijana wa parokia kwamba wamekuwa wavivu hata wa kuvuta kamba. Nilishamkemea katekista mbele za watu, pale nje ya kanisa baada ya misa, kwamba wametunyang'anya sala ya jioni. Naye aliinamisha kichwa kwa adabu, akanijibu, "Tutajitahidi, mzee."

"Hawajawahi kuacha," mke wangu akasema, na akasimama. "Inapigwa sasa hivi."

Akafanya ishara ya msalaba. Kisha nami nikasimama, nikaifuatisha ishara yake.