Mwanangu Alivyokwepa Chanjo

Majina ya walionikosea siandiki. Wenyewe wanajijua, na Mambrui si kubwa.

Wa kwanza ni wifi yangu. Arusi ya bintiye, wanawake tumekaa mkekani, sinia moja la pilau watu watano. Nishanawa, nishapeleka mkono, akaja na bakuli la plastiki na kijiko.

"Wifi, chako hiki hapa."

"Mbona?"

"Si kwa ubaya. Daktari wetu kasema hiyo homa yako ya ini yaambukiza."

Daktari wetu ni mwanangu, anayesomea utabibu Kilifi. Wa pili huyo.

Aliyekuwa ubavuni mwangu akajisogeza. Mwingine akacheka, "Hebu tuone, pengine lako lina minofu zaidi!" Nikala, wote wakinitazama. Ningeinuka ningeonekana nimesusa arusi ya watu.

Nyumbani nikamkalisha kijana.

"Baba, mwafundishwa ugonjwa huu hupitia kwenye sinia?"

"La, mama. Hupitia kwa damu. Sindano, wembe, mume na mke. Na mama humwambukiza mtoto akimzaa."

"Sasa wifi yangu kayatoa wapi?"

Akakuna kichwa. "Shangazi aliniuliza sana. Nikamwambia akuwekee chako, aniache."

"Na wewe ushachanjwa?"

Akakiri bado. Waliambiwa kabla ya kuingia wodini kila mmoja apimwe, kisha adungwe mara tatu. Wenzake wamemaliza. Yeye kila siku ana udhuru, na huku anatoa wagonjwa damu kwa mikono ile ile.

"Nikionekana ninao, mama, darasa zima litajua nimeutoa wapi."

Kumbe ananionea haya, tangu lini sijui. Na mimi nilipewa na nani? Namshuku mganga wa Vitengeni aliyeletwa na mama mkwe nilipokuwa bi arusi. Alituchanja chale nyumba nzima kwa wembe mmoja, nasi tukamshukuru. Mama mkwe naye nimemtaja.

"Kesho twenda wote," nikamwambia. Usiku ule sikuomba jingine, ila nisiwe nimemzaa na maradhi yangu.

Kliniki ya chuo ilijaa vijana wa makoti meupe. Msichana mmoja akaniamkia, "Shikamoo," kisha akamgeukia mwanangu: "Mama yako?"

"Jirani yetu. Ana shughuli zake hapa."

"Marahaba," nikaitika, macho chini kwenye ndara zangu. Nilitamani sakafu inimeze. Laiti ningekuwa na ulimi siku ile! Lakini niliogopa nikimbishia ataondoka asipimwe.

Akaingia. Nikakaa kwenye benchi la mwisho, mbali naye, kama alivyotaka.

Alipotoka alikuwa ameshika pamba begani. Akanipita karibu, hakusimama. "Sina. Nimedungwa ya kwanza."

Nikasema alhamdulillahi, midomo tu ikicheza. Wenzake wakamwita kunywa chai, akaenda nao. Nikamshukuru Mungu njia nzima hadi nyumbani, na njia nzima nikamkasirikia mwanangu.