Sikio la Ng'ombe wa Mwenyekiti

Mimi sikutaka kuandika haya. Mmenifuata kanisani, mmenifuata kisimani, mwisho mkamtuma mkwe wangu aje kunibembeleza, kana kwamba nilizaliwa na kalamu mkononi. Herufi nilizipata kwenye ngumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni, na nyingine hazijanikaa mpaka leo. Lakini nimesikia wanavyosimulia habari za Robi huko sokoni Bunda, na wanazikosea. Robi alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu Nathanieli. Mengi ya moyoni mwake alinipa mwenyewe tukipalilia pamba. Basi tulieni, na asinikatishe mtu.

Robi alizaliwa upande wa Butiama, katika mji wa watu wa ng'ombe, akaolewa kwetu, ukishapita Nyasura, njia ya kwenda Kibara. Nathanieli alifariki mwaka ule wa Azimio la Arusha. Alimwachia watoto wanne, mkubwa akiwa Hana, na maksai wawili wa plau, Sabasaba na Mvua.

Ukoo ukakaa. Kaka yetu mkubwa, Makongoro, akasema maksai wapelekwe kwake, maana mwanamke hashiki plau. Mwanamke akishika plau mvua inakimbia.

"Shemeji," Robi akamjibu, "mvua ikikimbia nitaifuata huko huko. Ng'ombe wanabaki."

Kesho yake alfajiri akafunga nira mwenyewe. Mifereji yake ya kwanza ilipinda kama njia ya panya, watu wakaja kukaa ukingoni kumtazama. Msimu wa pili mifereji ikanyooka. Msimu wa tatu wale wale waliokaa ukingoni walikuja kuomba awalimie, nao wampalilie pamba yake. Watoto wanne walikula kwa shingo za wale maksai wawili. Hilo mlijue mapema, kwa sababu ndilo lililokuwa mezani siku ile.

Na ng'ombe hao ndio waliomfundisha kutokuamini. Maksai aliyechoka na maksai anayejifanya kachoka wote wanalala kwenye mfereji, wote wanatoa ulimi, wote wanakutazama kwa macho ya yatima. Mtu mjinga anapiga fimbo. Robi alikuwaga anatazama sikio. Aliyechoka kweli sikio lake limelegea, halina habari na mtu. Mwongo sikio lake linakufuata kila unakokwenda, linasikiliza kama umekubali au bado. Kisha kuna jina. Maksai wa plau ana jina lake, na mwenye ng'ombe akiliita, hata kama ng'ombe yupo malishoni amekupa mgongo, sikio litageuka kwanza.

Sasa Clementi Magesa. Kabla ya ukubwa alikuwa mcheza mpira, winga wa timu ya wale wa kiwanda cha pamba. Robi alikuwaga anapeleka viazi vitamu vya kuchemsha kiwanjani siku za Jumapili, ndiko alikomwona. Mtu yule akiguswa bega anaruka juu, anabiringika mara tatu, anashika goti, anamwita marehemu mama yake. Refa anapuliza filimbi. Penalti. Clementi anainuka, anachechemea hatua nne, ya tano anakimbia.

"Amepigwa mguu wa kulia," Robi akasema siku moja, "ameshika wa kushoto."

Pelagia, muuza karanga aliyekaa jirani yake, akacheka. "Mama Hana, uza viazi. Mpira siyo ng'ombe."

"Hata ng'ombe anajua mguu unaomuuma."

Lakini uwanja mzima ulikuwa unampigia makofi. Robi akaona jambo ambalo lilimkaa kooni: watu walijua kwamba amejiangusha. Walijua, na walipiga makofi hivyo hivyo, tena zaidi.

Ulipofika wakati wa kuhamia vijijini, tukapangwa kwa mistari, nyumba na nyumba, tukatakiwa kuchagua mwenyekiti. Walisimama wawili. Mwikwabe, mtu wa maneno machache, akasema atachimbua kile kisima kilichofukiwa, akakaa. Clementi akapiga magoti. Akachota vumbi, akajimwagia kichwani, akasema siku atakayokula kitu cha kijiji vumbi hilo limmeze. Wazee walifuta macho. Mwikwabe alipata kura za ndugu zake na ya Robi.

Baada ya hapo likaja la shamba la ujamaa. Plau zililetwa mbili, mpya, zinang'aa. Ng'ombe hawakuletwa. Ikatangazwa kwamba kila mwenye maksai atawatoa wawe mali ya kijiji, walale zizi la kijiji, washikwe na watu wa kijiji. Wenye maksai walikuwa nyumba tano. Wanne walikaa kimya wakingoja mwingine aanze. Robi alisema wazi: zizi la kijiji halina mtu wa kuamka kuwanywesha, na maksai wa kila mtu ni maksai wa fimbo. Mwaka mmoja watakuwa ngozi. Na yeye atalima na nini?

Basi Clementi akaitisha mkutano. Alikuja mgeni kutoka mkoani, Musoma, na mpiga picha wake. Ngoma ilipigwa, watoto wa shule wakaimba. Kisha Clementi akaingia akivuta maksai mmoja mnene, rangi ya kijivu, amevishwa maua ya alizeti shingoni.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti ikakatika. Akamkumbatia ng'ombe. "Huyu nimemlea kama mwanangu. Amenilimia, amenilishia wanangu. Leo namtoa, awe wenu." Machozi yakamtoka, machozi ya kweli yenye maji, yakaingia kwenye maua. Wanawake wakapiga vigelegele. Wale wanne wenye maksai wakaanza kutazamana, na mmoja akanyanyua mkono kwamba na yeye anatoa.

Robi alikuwa amekaa mbele na kina mama. Hakutazama machozi. Alitazama shingo ya ng'ombe. Maksai aliyelima huwa na sugu pale nira inapokaa, ngozi nene isiyoota nywele vizuri. Shingo ile ilikuwa laini kama ya ndama. Akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, swali."

"Uliza, shemeji." Alimwita shemeji kwa sababu yeye na Nathanieli walitahiriwa pamoja.

"Huyo ng'ombe anaitwa nani?"

Clementi hakukawia hata kidogo. "Anaitwa Uhuru."

Makofi. Mgeni wa mkoani mwenyewe akapiga.

"Jina zuri," Robi akasema. "Muite basi."

"Uhuru," Clementi akaita kwa upole. Ng'ombe anacheua. Akaita tena, kwa nguvu. Ng'ombe anacheua, masikio yote mawili yameelekea kule kwenye njia ya Kibara.

"Ana huzuni," Clementi akasema. "Amejua tunaachana, hataki kunisikia." Naye akaanguka juu ya kwato za mnyama, akalia upya.

"Ng'ombe wa plau hujibu kwa sikio," Robi akasema, lakini nani alimsikia? Mwanamke mmoja nyuma yake alimvuta kitenge. "Kaa chini, Mama Hana, unatuharibia." Hakusema unakosea. Alisema unatuharibia.

Mgeni akatoa siku tatu. Alhamisi shamba lifunguliwe, maksai wote wawepo, picha ipigwe. Jioni ile Ryoba, mkubwa wa mgambo, alipita nyumbani kwa Robi.

"Mama Hana, mimi sitaki maneno na wewe. Alhamisi uje nao. Usitulazimishe kuja na kamba."

"Kamba ninayo," Robi akasema.

Siku ya kwanza aliwaza kuwapeleka maksai Butiama, kwa kaka zake. Siku ya pili aliwanyoa mkia wasigande matope, akawaza tena. Lakini aliniambia: "Wifi, nikiwaficha nitakuwa mimi ndiye mwongo, na Clementi atapata kilio kingine." Alhamisi alikwenda nao mwenyewe, ameshika kamba, kilemba kimefungwa kama anakwenda ubatizoni.

Kijiji kizima kilikuwa kwenye lile shamba la ujamaa, na mgeni wa mkoani amerudi. Mbegu za pamba zilikuwa zimemwagwa kwenye magunia yaliyotandikwa chini. Ryoba akachukua Sabasaba, akamfunga nira moja na yule Uhuru wa alizeti, Robi akaambiwa asimame pembeni na wanawake. Mpiga picha akachuchumaa. Uhuru nira ilipomgusa shingo alitetemeka mwili mzima, kama bibi harusi aliyeozwa kwa nguvu.

Ndipo mtu akatokea kwenye njia ya Kibara, anasukuma baiskeli, amevaa koti la wavuvi lenye magamba ya samaki. Alikuwa Ngolo, kaka wa mke wa Clementi. Akasimama kutazama umati. Kisha akaona rangi ya kijivu.

"Furu," akaita. Hakupaza sauti. Furu ni wale samaki wadogo wa ziwani, na ng'ombe yule alikuwa na rangi yao hasa.

Sikio likageuka. Kisha kichwa, kisha ng'ombe mzima. Akaondoka na nira, akamkokota Sabasaba, plau inaruka nyuma yao kama mbuzi, Ryoba amelala kifudifudi kwenye udongo. Robi akasema, "Sabasaba, simama," na Sabasaba akasimama kama mti, yule mwingine akabaki anazunguka palepale, anamlilia yule mtu wa baiskeli.

Ngolo akaja akafungua nira. Hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao tu. "Shemeji Clementi, uliniambia ni ya kupigia picha siku moja. Leo ya ngapi? Hii ng'ombe ni ya mahari ya kijana wangu, Jumamosi inakwenda."

Nasikia mgeni wa mkoani alikunja karatasi yake. Watu mia tatu walimgeukia Clementi, na Clementi akashika kifua, akazunguka mara moja, akaanguka. Alianguka vizuri, mgongo kwanza, katikati ya magunia ya mbegu.

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Wengine wakaanza kusogea, wengine wakarudi nyuma. Hakuna aliyejua kama pale pana maiti au pana penalti. Robi peke yake ndiye aliyetembea mpaka pale, akainama juu yake.

"Clementi, amka. Umelalia mbegu."

Jicho moja likafunguka, lile ambalo watu hawalioni. "Shemeji, nipe nafasi kidogo. Watu wanatazama."

"Wanatazama kweli. Na ng'ombe wangu?"

"Wamefanya nini?"

"Wanalala kwangu."

Akafikiri. "Wanalala kwako."

"Na plau ya kijiji nikija nao nashika mimi. Siyo Ryoba."

Akalifumba tena lile jicho. Robi akaanza kunyanyuka.

"Unashika wewe," Clementi akasema haraka. "Niinue basi, hii shingo inaniuma kweli."

Robi alinieleza kwamba hapo alimtazama sana usoni kujua kama shingo inauma kweli, na kwamba binadamu amepunguziwa kitu kimoja na Mungu. Angekuwa na sikio la ng'ombe, mtu angejua.

Akampa mkono. Clementi akainuka polepole, akachechemea, akamwekea Robi mkono begani kama mtu aliyetoka kaburini, akawageukia watu. "Ndugu zangu," akasema, na sauti ikakatika palepale inapokatikaga, "nilitaka sana kutoa, mpaka nikatoa kisicho changu. Aliyeniinua ni mjane. Ng'ombe wa mjane walale kwa mjane. Atakuja kutulimia mwenyewe, kwa zamu."

Vigelegele vikapasuka. Watu walilia. Wale waliokuwa tayari kumzomea walilia zaidi ya wengine. Hata Ngolo alifuta pua kwa lile koti. Na katikati yao wifi yangu amesimama, mkono wa Clementi uko begani mwake, mpiga picha anapiga, na usoni mwake kuna maji. Hayo maji waliokuwa mbele wote waliyaona.

Ng'ombe walirudi nyumbani jioni ile. Robi alilima shamba lake na la kijiji mpaka Sabasaba alipozeeka, na watoto wake wote wanne walikua na kushiba. Shamba la kijiji lilitoa pamba miaka miwili, kisha likaota magugu, lakini hilo siyo la Robi. Clementi alichaguliwa tena mara mbili.

Lakini tangu siku ile Robi hakupenda mtu amtaje pamoja na shamba lile. Wanawake walimwambia kisimani, "Mama Hana, siku ile ulitutoa machozi, wewe na mwenyekiti," naye anajitwisha ndoo na kuondoka. Kwa kweli alikuwa amepata alichokitaka. Kilichomuuma ni namna alivyokipata, na kwamba ilimfaa.

Mimi nilimuuliza. "Wifi, yale maji yalikuwa nini?"

"Jasho."

Mwaka mwingine nikamuuliza tena. Akasema vumbi liliingia jichoni.

Mtu mwenye majibu mawili kwa swali moja, Robi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kumwogopa. Kama alilia kwa uchungu wa ng'ombe wake, ni haki yake, na nitanyamaza. Kama alilia kwa sababu Clementi alimfinya bega na yeye akakubali kucheza, basi ni mtu mwingine nisiyemjua. Mimi siku ile nilikuwa nyuma, nimebeba kapu la mbegu. Niliona mgongo wake tu, na mgongo hausemi. Robi sasa amekwenda na jibu lake.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama wewe au mama yako mlikuwepo mbele Alhamisi ile, mje mniambie mlichokiona usoni mwake kabla hajafuta. Msiniandikie barua, barua naijua mimi. Mje wenyewe hapa nyumbani, nami niwatazame mkisema. Na mje wawili, mmoja asimame nje mpaka mwenzake amalize.