Moshi wa Jirani

Baba ndiye wa kwanza kufyeka msitu huu, mbali na mji wa Kilifi, kama alivyofyeka mashamba mawili tuliyoyaacha nyuma. Kila tuhamiapo tunapanda minazi, na kila mara tunaondoka kabla haijazaa. Sababu ni ile ile: jirani.

Juzi tuliona moshi wa jiko la watu ng'ambo ya bonde. Baba akaweka jembe chini. "Hapa pameshajaa," akasema.

Nilitaka kulia kwa hasira. Kilimo nimejifundisha mwenyewe kwenye simu, na wasiwasi ndio maradhi yangu. Kila shimo la mnazi nimelipima kwa kamba. Lililokaa upande nililifukia nikachimba upya. Mistari isiponyooka sipati usingizi.

"Nenda, Baba Watoto," mama akamjibu, huku akipepeta mahindi. "Utusalimie nyani wa huko. Mimi nangoja madafu yangu."

Asubuhi tulimkuta Baba mpakani, anapanda ua wa minyaa ili asiuone ule moshi. Tunabaki, basi. Lakini ua wenyewe umepinda vibaya, na mama amenikataza kuugusa.