Ukurasa Nilioupima kwa Karatasi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na duka la uchapaji katikati ya Jinja. Nilichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na kalenda. Wateja waliniita afande, ingawa sikuvaa magwanda hata siku moja. Baba yangu ndiye aliyekuwa askari, na kwa kuwa kwetu Uganda Kiswahili huonekana lugha ya jeshi, kile nilichokua nacho kambini kilitosha kunipa cheo.

Binti yangu alikuwa amepanga chumba Namakwekwe, kule Mbale. Alikuwa amejifunza kutengeneza kurasa za intaneti, na kazi yake ya kwanza aliipata kwa kikundi cha akina mama wanaolima kahawa mlimani. Walitaka wanunuzi wa nje waione kahawa yao. Wakiridhika, wangemwachia autunze ukurasa huo mwaka mzima. Wasiporidhika, angelazimika kurudi kuishi kwangu Walukuba, pale pale Jinja, jambo ambalo hakulitaka, na sababu alikuwa nayo: kwangu neno la mwisho lilikuwa langu.

Alichora ukurasa kwanza kwa penseli za rangi: jina la kikundi juu, matawi ya kahawa pembeni, na chini vitufe vinne vyenye umbo la punje. Hakuwa na kompyuta yenye nguvu, kwa hiyo alikuja kuutengenezea dukani kwangu. Alileta diski yenye programu mpya.

“Baba, hii inaukata mchoro vipande vipande,” alisema. “Kila kipande kinakuwa chepesi kupita kwenye laini ya simu, na maandishi yanabaki maandishi.”

“Unakata mchoro kama nyama ya buchani?”

“Ndiyo, afande. Mifupa tunawaachia wachapaji.”

Nilicheka, lakini nilichomwa kidogo. Nikasema tuzishindanishe programu mbili, yake na ile niliyotumia kila siku. Nikachapa ukurasa kwa yake, nikauchapa kwa yangu, nikaziweka karatasi mbili mezani karibu na mlango, penye mwanga. Hivyo ndivyo nilivyopima kazi zote maishani mwangu. Ya kwake ilitoka na herufi zenye kingo za ngazi ngazi na kijani kilichopauka. Ya kwangu ilikuwa safi kama kadi ya harusi.

“Lakini Baba, hakuna atakayeuona kwenye karatasi.”

“Kitu kibaya kwenye karatasi ni kibaya popote.”

Kompyuta ilikuwa yangu, na duka langu. Alinitazama, akaitoa diski yake, akaifuta kwa pindo la blauzi na kuirudisha mkobani. Ukurasa wote ukawa picha moja kubwa, na maandishi yote ndani yake. Tukaupandisha kwenye intaneti kwa taabu, na hata taabu ile haikunifundisha kitu.

Siku ya kuuonyesha nilikwenda naye Mbale. Akina mama watano walikuja na gomesi zao, magauni yao ya kanisani, tukaketi katika chumba kimoja mjini chenye kompyuta iliyounganishwa na laini ya simu. Ukurasa ulianza kushuka kutoka juu, ukanda mwembamba baada ya ukanda. Tukangoja. Jina la kikundi lilikuwa limeonekana, pamoja na ncha za majani, basi.

“Mwanangu, paa tumeliona,” mwenyekiti wao alisema. “Mlango uko wapi?”

Wenzake wakacheka. Laini ikakatika, tukaanza upya, ikakatika tena. Mwenyekiti akauliza kwa upole, “Na bei ikipanda, tutaibadilishaje?”

“Itabidi niende Jinja, mama,” binti yangu alijibu. “Picha nzima inatengenezwa upya.”

“Bei ya kahawa ya Mbale, mpaka Jinja? Nani alichagua hivi?”

Nilikuwa nyuma yao, kofia magotini. Jibu lilikuwa langu, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikautazama waya wa simu.

“Ni mimi, mama,” binti yangu alisema. “Nilikosea.”

Kazi wakampa mtu wa Kampala.

Jioni ile, chumbani kwake, alinipikia matoke na karanga. Nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli.

“Ningekuaibisha mbele ya akina mama wa watu? Kula, Baba, chakula kinapoa.”

Nilimwahidi kwamba asubuhi nitamfuata mwenyekiti nimweleze. Asubuhi ilipofika nilijiambia kwamba kazi imeshakwenda na maneno hayatairudisha. Nikapanda gari la Jinja.

Mwezi uliofuata akarudi Walukuba na godoro na masanduku mawili. Nilimpisha chumba changu, kile chenye dirisha kubwa. Dukani aliweka programu yake kwenye kompyuta bila kuniuliza, nami nikavuta kiti pembeni yake nikaomba anifundishe. Alinifundisha kwa subira ambayo mimi sikuwahi kumpa. Siku moja nilipomwambia kwamba bado nafikiria kwenda kwa wale akina mama, hakuinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta.

“Nenda basi, Baba.”

Sikwenda. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima hata wakati ule, na sijui kama yuko hai. Kama kuna aliyekuwepo chumbani siku ile na bado anakumbuka, ajue kwamba binti alichagua vizuri, na mimi ndiye niliyemkatalia.