Daraja Lililotushinda Ilomba

Sisi tuliokulia Ilomba wakati gemu linachezwa bandani, si kwenye simu, tunajua maana ya kushindwa pamoja. Mwezi wa saba baridi ya Mbeya iliuma hadi kwenye meno, ila ndani ya banda la Baba Neema joto lilitokana na watoto tuliobanana mbele ya televisheni moja, tukinuka moshi wa majiko ya nyumbani na mahindi ya kuchoma. Kulikuwa na gemu la shujaa aliyetakiwa kuvuka daraja la kamba. Likatushinda wote. Na kwa sababu lilitushinda, hakuna aliyeondoka: aliyekufa mapema alibaki kumwelekeza mwenzake, hata waliogombana shuleni wakaongea. Vijana wa siku hizi wakianguka mara mbili wanalaumu mtandao.

Mdogo wangu Idrisa ndiye aliyelijua daraja lile kuliko wote, kwa kulitazama tu. Alizaliwa na mkono wa kulia usiokunja vidole, na pedi ya kuchezea gemu ilitaka mikono miwili. Wakubwa wakasema akae atazame. Jioni nilimsimulia mama, aliyekuwa anachambua mchele, naye hakuinua hata uso. "Mchezo usiomtaka ndugu yako, Zuhura, na wewe haukutaki," alisema.

Kesho yake nikakaa ubavuni mwa Idrisa, pedi katikati yetu. Yeye aliendesha kwa mkono wa kushoto, mimi nikabonyeza vitufe vya kulia. Akisema ruka, mimi mwenyewe narukia hewani badala ya kubonyeza, shujaa anazama mtoni, banda zima linavunjika mbavu. Daraja hatukulivuka kamwe, lakini tangu siku ile hakuna aliyemwambia tena atazame.

Tukakua. Mimi nikabaki Mbeya na duka la vitambaa, yeye akahamia Ilula kuuza nyanya na vitunguu kwa wasafiri wa barabara kuu. Jioni akawa anacheza mtandaoni na kundi la watu wa huko na huko. Kundi hilo lilikuwa na sharti: kila mtu acheze kiwango kigumu kabisa, bila msaada wowote wa gemu. Idrisa alikuwa amepunguza kasi na kuhamishia vitufe vyote upande wa kushoto. Walipogundua, walimwita mtoto wa chekechea. Akajitoa. Mke wake akanipigia kunieleza kwamba ndugu yangu mcheshi amekuwa mtu wa kula kimya na kulala mapema. Wiki hizo nilikuwa nakata vitambaa huku moyo uko Ilula.

Aliyemrudisha ni Tusajigwe, mwalimu wa Tukuyu, mmoja wa kundi lile. Kumbe bila Idrisa walikuwa wanapotea njia kila mchezo, na wageni walikuwa wakija siku moja na kutoweka, kwa kuwa ugumu ulifanywa geti la kuzuia watu badala ya kuwa mchezo. Akawaambia wenzake waziwazi kwamba sharti hilo linawafukuzia watu, wakakubali kulifuta. Kisha akampigia Idrisa.

"Kaka, rudi," alimwambia. "Ucheze unavyoweza. Sisi tunakufuata wewe."

Nilipofika Ilula Idi iliyopita, nilimkuta sebuleni, spika za masikioni kichwani, akiwaongoza watu wanane. Nikasogeza kiti kwa mazoea. "Dada, pumzika," akasema, "leo naweza mwenyewe." Nikarudisha kiti ukutani, nikapokea chai kutoka kwa wifi.

Sisi wa bandani tulijuana sura, sauti na hata kiraka cha kaptula. Wao wa mtandaoni hawajawahi kupeana mkono. Nakiri banda nalikumbuka, na msongamano ule siupati popote. Lakini jioni ile kundi zima lilianguka kwa pamoja, na ndugu yangu akacheka mpaka akashindwa kuwaelekeza, nami, bila kitufe cha kumbonyezea, nikanywa chai yangu ikiwa bado ya moto.