Saumu ya Kaka Yangu

Kaka yangu alipoanza kufunga kila Jumatatu na Alhamisi, Wambaa nzima, kijiji chetu cha Pemba, ilimsifu, na mama ndiye aliyesifiwa zaidi. Kaka alikuwa na miaka ishirini na miwili, mchumaji karafuu wa kutegemewa, posa yake imekubaliwa na harusi inangoja mavuno tu. Ramadhani ilipokwisha alifunga sita za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata, kisha akaendelea na Jumatatu na Alhamisi zake. Wanawake walikuja barazani kumwambia mama, "Umezaa, bibi. Wetu hawa kuwaamsha daku tu ni vita."

Siku hizo mama alitabasamu kuliko siku zote ninazozikumbuka. Simlaumu. Au niseme kweli: namlaumu, kisha najilaumu mimi zaidi, kwa sababu yeye hakujua na mimi nilijua.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kaka alikuwa na banda lake uani, kama vijana wote waliokwisha kubaleghe, na siku hizo za sunna alifuturu humo peke yake; siku nyingine alisema amekwisha kula kwa wenzake. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea futari. Jioni moja nilirudi kuchukua bakuli nikamkuta nyuma ya banda, ameinama kwenye migomba, anatapika. Uji na muhogo wa nazi, vyote vilitoka kama vilivyoingia. Aliponiona aliona haya, akajifuta mdomo kwa shuka.

"Usinwambie mama," alisema. "Nkifunga hapana ntu aniulizaye mbona sili. Tumbo litapoa wenyewe wasijue."

Wenyewe ni kwao mchumba wake. Nani angempa binti kijana asiyeweza kula? Ndipo nikaelewa. Chakula kilikuwa hakishuki, na saumu ndiyo stara aliyoipata. Kwetu ukikataa sahani ya mama atakuuliza, atakupikia kingine, ataita jirani mwenye dawa. Ukimwambia umefunga, anakuombea dua na kukuacha.

Nikaitunza siri. Nilijiona mkubwa kwa kuaminiwa, hilo ndilo linaloniuma. Nikawa namwaga mabaki kwenye migomba na kurudisha bakuli jikoni likiwa tupu, nikimwambia mama kwamba kaka kala na kashiba. Nilifanya hivyo miezi minne.

Akakonda, watu wakasema ni ibada. Mashavu yakaingia ndani, wakasema uso wake una nuru. Mpaka leo mtu akilitaja neno hilo mbele yangu nakasirika bila ya kosa lake.

Siku ya kwanza ya mavuno alipanda mkarafuu kama kawaida yake. Aliteremka na pakacha tupu, akashika shina, akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa mbele ya wachumaji wote. Walimbeba kwa kitanda mpaka barabarani, tukapata gari la kutufikisha hospitali ya Mkoani.

Daktari alimpapasa tumbo, mkono wake ukasimama mahali pamoja. Akauliza kutapika kumeanza lini.

"Hajatapika kabla ya leo, daktari," mama alisema. "Mwanangu yuno ni ntu wa saumu."

Daktari akanitazama mimi. Kaka alikuwa amefumba macho. Mama alikuwa kanishika mkono, na hata pale sauti yake ilikuwa na fahari ndani yake. Sikusema neno.

Tukapelekwa Unguja, huko madaktari wakampasua, wakamshona vilevile. Walisema ni saratani ya tumbo na imeshaenea. Mmoja wao aliuliza umri wake mara mbili, maana ugonjwa ule aliuzoea kwa wazee. Tukarejea naye nyumbani. Miaka mingi baadaye nilimuuliza daktari mwingine kama miezi minne ingemwokoa kaka yangu. Alifikiri kidogo akasema labda isingesaidia. Nilimshukuru, nikaondoka nikiwa na hasira naye, kwa sababu nilitaka anihukumu au aniachilie.

Wiki ya mwisho hata maji yalimrudi. Mchana mmoja mama alikwenda kwa shehe kumtafutia kombe, maji yaliyooshea aya za Qur'ani, nami nikajificha ukumbini na sahani yangu ya wali na samaki ili kaka asione. Harufu ilinisaliti. Akaniita kutoka chumbani.

"Njoo ule hapa," alisema. "Nataka n'kuone ukila."

Nikakaa ubavuni pake, nikala. Alilifuata kila tonge kwa macho, na kila nilipomeza, koo lake nalo lilipanda na kushuka. Nilidhani chakula kitanikwama. Hakikunikwama. Nilikuwa na njaa, wali ulikuwa mtamu, na niliumaliza wote.