Kiingereza cha Mwalimu Sibindi Chaisha Muda

Enyi mataifa yote msemao Kiingereza, mnatangaziwa kwa huzuni kuu kwamba Kiingereza cha Mwalimu Mkhululi Sibindi wa Bulawayo kiliharibika Jumanne iliyopita.

Kwa miaka ishirini na sita aliwafundisha wauguzi kutenganisha jambo lililopita likaisha na lile lililopita ambalo bado limekushika shati. "La kwanza ni sufuria ya isitshwala, ugali wetu, iliyokwisha kuoshwa," alikuwa akisema. "La pili, mmeshakula, lakini ukoko ungalipo." Wakafaulu mtihani wa Kiingereza wa viza, wakaenda Uingereza, na wa kwanza kuondoka alikuwa mkewe, Sithembile. Ili amfuate, mwalimu naye alifanya mtihani uleule akapata alama za juu. Kisha maombi yake ya viza yakalala kwenye foleni miaka miwili, na miaka miwili ndiyo uhai wa cheti.

Kwenye dirisha la ofisi ya viza alimkuta Nomalanga, mwanafunzi wake wa zamani.

"Baba, cheti kimeisha muda. Itabidi ufanye mtihani upya."

"Kwani Kiingereza changu kimechacha kama maziwa?"

"Ndio utaratibu, baba."

"Wewe mtoto! Hicho Kiingereza unachonifukuzia si nilikufundisha mimi?"

"Ulinifundisha, nashukuru. Lakini hiyo ni sufuria iliyokwisha kuoshwa."

Foleni nzima ikacheka. Mwalimu akamkumbuka Sithembile, ambaye siku hizi hupiga simu Krismasi kwa Krismasi, akavuta fomu mpya. Swali la kwanza liliuliza kama amewahi kujifunza Kiingereza.

Akaandika: "Bado."